Ekseli ya Mota Haikai Tuli: Kufunga na Kutunza Mota ya Baiskeli

Mwenye baiskeli aliniambia mota imekufa. Nilipoinama kuangalia gurudumu la mbele, nikakuta waya mnene mweusi umejizungusha kwenye ekseli mara mbili na nusu, mpira wake umechanika, na nyaya tatu za ndani, ya njano, ya kijani na ya buluu, zimegusana shaba kwa shaba. Mdomo wa uma, pale ekseli inapokaa, ulikuwa umepanuka. Siku mbili kabla alikuwa ameziba pancha. Alipomaliza kurudisha gurudumu alibakiwa na kipande kimoja cha chuma mkononi, akakitia mfukoni. "Fundi, nilidhani ni washa ya ziada," alisema, akakitoa na kukiweka mezani. Salama yake ni kwamba ndiyo kwanza alikuwa anaondoka, hajashika kasi. Gurudumu la mbele likichomoka kwenye mteremko, mtu anatua kwa uso.

Kipande kile ndicho mkono wa kushikilia ekseli, na kama utakumbuka jambo moja tu katika haya yote, naomba liwe hilo. Kwenye baiskeli ya kawaida ekseli hubeba uzito tu. Gurudumu linaizunguka, yenyewe haina sababu ya kugeuka. Ukifunga mota ndani ya kitovu cha gurudumu, mambo yanabadilika kabisa: mota ikisukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inasukumwa kugeuka kinyume kwa nguvu ileile. Kinachoizuia ni bapa mbili zilizochongwa ubavuni mwake, ambazo kwa kawaida zina upana wa milimita 10 kutoka bapa hadi bapa.

Tupige hesabu. Mota nyingi za kitovu hutoa msokoto wa nyutonimita 40 hivi wakati wa kuondoka. Msokoto huo ukizuiwa na kingo zilizoachana kwa sentimita 1 tu, kila ukingo unasukumwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 4,000, sawa na uzito wa kilo 400 ulioegemea kwenye ncha nyembamba ya chuma. Ufunge mkono wenye urefu wa sentimita 10, ushike ekseli upande mmoja na fremu upande wa pili, nguvu hiyo inashuka hadi kama kilo 40. Bila mkono huo unategemea nati na bahati.

Ndiyo maana sifungi mota ya mbele kwenye uma wa alumini, hasa ule wenye springi, hata mteja akinisihi. Alumini haikuonyi. Chuma hupinda kwanza, ukaona, ukashtuka. Alumini inaweza kuonekana nzima leo na kukatika kesho. Kama uma wako ni wa alumini, weka mota nyuma, na mkono uwepo vilevile. Zile mota zisizo na gia ndani, zinazorudisha chaji kwenye betri unapofunga breki, zinahitaji mikono miwili, upande huu na upande ule, kwa sababu ekseli inasukumwa nyuma unapokwenda na mbele unapopunguza mwendo, na kuchezacheza huko hulegeza nati polepole.

Nati za ekseli kaza kwa takriban nyutonimita 40 kama una spana ya kupimia, isipokuwa kama karatasi ya mota yako inasema vingine. Washa yenye jino huingiza jino lake ndani ya mdomo wa fremu, halielekei nje. Kisha chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye fremu. Kila asubuhi utazame mstari huo. Ukivunjika, nati imegeuka. Zikaze tena baada ya kilomita 50 za mwanzo, maana rangi na kingo za fremu hujibana zaidi mzigo ukianza kazi.

Breki sasa. Watu hufunga mota kwanza, halafu breki huzikumbuka siku zinapopiga kelele. Fikiria hivi: mtu aliyezoea kwenda kilomita 15 kwa saa, mota ikimpeleka 25, nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza inakuwa karibu mara 2.8, kwa sababu hukua kwa mraba wa mwendo. Ongeza kilo kadhaa za mota na betri. Raba za breki zilizokuwa zikidumu miezi mingi zitaisha mapema, na rimu yenyewe itachimbika. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu. Ukihisi bonde, rimu inakonda na siku moja itapasuka ikiwa na upepo wote ndani. Breki za diski ni bora kwa kazi hii kama fremu yako ina mahali pa kuzifunga.

Mikono ya breki yenye swichi ya kukata umeme usiiache kwenye boksi. Mota nyingi zinazofuata pedali huendelea kusukuma kwa muda mfupi baada ya miguu kusimama, na muda huo mfupi unatosha kukuingiza barabarani mbele ya gari. Jaribio ni rahisi: inua gurudumu lenye mota, lizungushe kwa umeme, gusa breki kidogo tu. Mota ikate kabla breki hazijaanza kushika.

Gurudumu likiwa bado juu, jaribu pia eksileta. Ndani yake kuna sumaku na sensa yenye nyaya tatu: umeme, alama (inayoiambia kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, umevuta kiasi gani), na hasi. Waya wa hasi ukikatika, alama inaweza kupanda yenyewe na kontrola ikadhani umevuta hadi mwisho. Kontrola nzuri hugundua kosa hilo na kukataa kufanya kazi, lakini si zote. Kwa hiyo ukiwasha, geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, uone kama mota inashtuka. Waya unaovutwa usukani ukigeuka ndio hukatika kwanza. Swichi kuu iwe mahali kidole kinafika bila kuachia usukani.

Mlimani, saidia kwa miguu. Mota ya kitovu ikiburuzwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, sehemu kubwa ya umeme haigeuki kuwa mwendo bali joto, na joto hilo linabaki ndani kwa sababu mota imefungwa kote. Gia za nailoni hulainika, sumaku hupungua nguvu, na ukisikia harufu ya vanishi ujue nyaya za ndani zinaungua. Mota ya kati, iliyo kwenye pedali, huhimili mlima kwa kuwa inatumia gia za baiskeli, lakini mzigo wote unapita kwenye mnyororo. Usibadilishe gia huku mota inavuta. Pumzisha mguu kidogo, badilisha, endelea. Pima mnyororo kwa rula: vipande 24 vya mnyororo mpya ni milimita 304.8. Vikifika 306.5 ubadilishe, usije ukanunua na meno ya nyuma.

Nimefika kwenye betri, na hapa sina haraka.

Betri ya lithiamu ya volti 36 kwa kawaida ni seli 10, yaani betri ndogo za ndani, zilizofuatana, kila moja ikijaa kwenye volti 4.2, kwa hiyo jumla ni 42. Ya volti 48 mara nyingi ni seli 13, ikijaa kwenye 54.6. Plagi za chaja za betri hizi mbili zinaweza kufanana kabisa. Ukichomeka chaja ya 54.6 kwenye betri ya 36, kinachobaki kati yako na moto ni bodi ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya betri, na bodi hiyo haikutengenezwa iwe mlinzi wa pekee. Soma namba iliyoandikwa kwenye chaja yenyewe. Nyumbani kwangu kila chaja ina kibandiko chenye namba ileile iliyo kwenye betri yake, na hakuna ruhusa ya kuazimana.

Usichaji betri ikiwa bado moto kutoka safari. Iache ipoe nusu saa. Usichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwani lithiamu hugeuka kuwa metali juu ya ncha hasi ya ndani ya seli na kuiharibu kimyakimya. Usichaji ukiwa umelala, wala mlangoni au kwenye korido ambayo ndiyo njia yako ya kutokea. Nalirudia hili kwa kila mteja, hata akichoka kunisikia. Betri ya lithiamu ikishika moto huwaka kwa kasi na kutoa moshi wenye sumu, na seli moja huwasha jirani yake. Ukiona betri imevimba, inapiga mluzi, inatoa harufu tamu ya ajabu au inazidi kupata joto bila kutumika, usijaribu kuiokoa. Toa watu nje, funga mlango nyuma yako, ita zimamoto.

Betri iliyoanguka kwa kishindo au kuingia maji usiirudishe kwenye chaja kwa sababu tu inawaka. Na tafadhali usifungue betri kubadilisha seli moja iliyochoka. Seli mpya katikati ya kuukuu hazijai wala kuisha pamoja. Kama hutaendesha kwa wiki kadhaa, iache na chaji karibu na nusu, mahali pakavu penye ubaridi. Ikikaa imejaa inazeeka haraka. Ikikaa tupu inaweza kushuka hadi isifufuke.

Plagi ya betri iguse kwa kidole baada ya mlima mrefu, umeme ukiwa umezimwa. Ikiwa moto kuliko waya wake, imelegea na itayeyuka.

Maji: mvua ya kawaida haina neno, pampu ya kuoshea magari ina neno kubwa. Kila waya unaoingia kwenye mota au kontrola uachie utengeneze tumbo chini kabla ya kuingia, ili matone yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Spoki za gurudumu la mota ni fupi na zimelala kwa pembe kali. Zibonye mbilimbili kwa vidole baada ya kilomita 100 za kwanza, na iliyolegea kuliko wenzake uikaze mapema.

Na siku ya pancha, maana itakuja. Zima umeme, chomoa betri. Tenganisha plagi ya mota kwa kuivuta kwenye plagi, usivute waya, ukiangalia mishale miwili inayotazamana ili ujue kuirudisha. Kabla hujalegeza nati yoyote, piga picha pande zote mbili. Weka washa zote kwenye uzi au waya kwa mpangilio zinavyotoka. Beba spana ya nati zako. Nyingi ni za milimita 18, na baiskeli yenye mota haifunguki kwa mkono mtupu. Ukirudisha, waya utoke kwenye ekseli ukielekea chini, mkono ukae, boliti yake ikazwe kwenye fremu, kisha nati. Ukibakiwa na chuma chochote mkononi, usipande. Yule mteja wangu tulimbadilishia uma na waya wa mota, na mkono wake mpya nikaufunga kwa kibano kwenye uma, hivi kwamba gurudumu likitoka, mkono wenyewe unabaki unaning'inia palepale.