Kwa nini List<MalipoYaSimu> haiwi List<Malipo>

Swali hili huulizwa na karibu kila anayejifunza lugha ya programu C#. Klasi MalipoYaSimu imerithi Malipo, basi mbona kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) inakataa kupokea List<MalipoYaSimu> mahali palipoandikwa List<Malipo>? Wengi huona ni ukaidi. Mimi naitetea kompaila.

Tuseme ingekubali. Orodha ni ileile moja kwenye kumbukumbu, ila sasa inashikwa na watu wawili. Anayeijua kama List<Malipo> ana haki ya kuita Add na kutia MalipoYaKadi, maana nayo ni malipo. Mwenzake akija kusoma NambariYaSimu ya kila kitu, atakuta malipo yasiyo na nambari hiyo. Hatari iko kwenye kuandika. Kusoma hakuna ubaya.

Arei (safu za vitu zenye ukubwa usiobadilika) zina udhaifu huu tangu C# ya kwanza:

Malipo[] m = new MalipoYaSimu[3];
m[0] = new MalipoYaKadi();

Kompaila inapitisha mistari yote miwili, kisha programu inaanguka na ArrayTypeMismatchException ikiwa tayari mikononi mwa mteja. Java nayo ina yake, ArrayStoreException.

C# 4.0, mwaka 2010, ilileta njia safi. IEnumerable<out T> hutoa vitu tu, haipokei, kwa hiyo List<MalipoYaSimu> hupita kama IEnumerable<Malipo> bila kunakiliwa chochote. Kama methodi yako inasoma tu, iandike ipokee IEnumerable<Malipo>, au IReadOnlyList<Malipo> ukihitaji Count, yaani idadi ya vitu. Mara nyingi hapo shida imekwisha. Angalia tu kwamba aina za thamani (kama int, zinazobeba thamani yenyewe badala ya rejeo) hazimo: List<int> haiwi IEnumerable<object>.

Ukilazimika kupata List<Malipo> yenyewe, andika orodha.ToList<Malipo>(). Vitu vitakuwa vilevile ndani ya orodha mpya, na utakachoongeza humo hakitaonekana kwenye ile ya zamani.

Kurudi chini, kutoka Malipo kwenda MalipoYaSimu, ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. OfType<MalipoYaSimu>() huchuja na kuacha visivyofanana, kimya kimya. Cast<MalipoYaSimu>() hurusha InvalidCastException ikikutana na kitu kisicho cha aina hiyo. Watu hupenda OfType kwa sababu haileti kelele. Ikiwa orodha inatakiwa kuwa na malipo ya simu peke yake, tumia Cast: afadhali programu isimame kuliko jumla ya siku kupungua bila mtu kujua.