Utangazaji wa michezo kwenye televisheni: watu wanavyodhani na ilivyo

Dhana: Mtangazaji hodari hanyamazi.
Hiyo ni kazi ya redio, ambako kimya cha sekunde chache humfanya msikilizaji adhani matangazo yamekatika. Mtazamaji wa televisheni anauona mpira. Hana haja ya kuambiwa kwamba beki kampasia kiungo. Anachotaka ni jina la aliyeingia sasa hivi, au sababu ya refa kupuliza filimbi. Bao likifungwa, mzoefu humtaja mfungaji, kisha huacha kelele za uwanja zisikike mpaka marudio yaanze. Waliotoka redioni huteseka sana hapo.

Dhana: Ukiwa shabiki wa kutosha, huhitaji kujiandaa.
Ushabiki utakusaidia kumjua straika. Hautakusaidia kumtambua namba 27 aliyetoka benchi dakika ya 86 na kusawazisha. Ndiyo maana saa nyingi za kazi hii huishia mezani. Watangazaji wengi hutengeneza karatasi moja kubwa, timu moja kila upande, kila mchezaji na kisanduku chake: namba, jina, linavyotamkwa, mabao aliyofunga, na jambo moja la kusema juu yake. Wa akiba nao wamo. Matamshi huulizwa kwa ofisa habari wa timu au kwa mchezaji mwenyewe, hayakisiwi. Vikosi vikitangazwa, kwa kawaida saa moja hivi kabla ya mechi, visanduku hupangwa upya kufuata mfumo.

Namba pekee haitoshi, maana mara nyingi iko mgongoni na mchezaji anakimbia kukuelekea. Wakati wa kupasha misuli moto, angalia nywele, rangi ya viatu, mikono mirefu ya jezi, mwendo. Na ukishaandika yote hayo, kubali kwamba mengi hayatasemwa. Anayelazimisha kila takwimu itoke hewani ndiye anayekutwa katikati ya sentensi ndefu mpira ukiwa wavuni.

Dhana: Masikioni anasikia uwanja tu.
Anamsikia pia prodyuza, tena wakati yeye mwenyewe anaongea: marudio yanakuja, tunaenda mapumziko, kumi, tisa, nane. Anatakiwa kumaliza sentensi kwenye sifuri bila sauti kuonyesha kwamba kuna mtu anamsemesha. Mezani kuna kitufe cha kukata kipaza sauti ili akohoe, na kingine cha kumjibu prodyuza bila watazamaji kusikia. Kuvichanganya, au kuachia kitufe mapema, kumewaaibisha wengi. Zoezi lake ni rahisi: soma gazeti kwa sauti huku mwenzako akihesabu kutoka 30 kurudi nyuma, ukamilishe wazo anapofika mwisho.

Dhana: Kila mechi hutangazwa kutoka uwanjani.
Nyingi hutangazwa studio, mtangazaji akiangalia skrini kama wewe. Haoni kibendera cha kuotea mpaka mwongozaji, yule anayechagua picha za kamera, amwonyeshe, kwa hiyo akiwahi kushangilia bao huenda akalifuta mwenyewe sekunde tano baadaye. Hata aliye uwanjani hutupia jicho skrini kila mara, asije akasimulia ugomvi wa benchi ambao mtazamaji haonyeshwi.

Dhana: Lazima uwe umecheza.
Mchambuzi, mara nyingi ndiyo. Mtangazaji anasema nani na nini. Mchambuzi anaeleza kwa nini, hasa kwenye marudio, na hunyamaza mpira ukikaribia eneo la hatari.

Dhana: Kazi inataka sauti nzito ya kiume.
Jacqui Oatley alitangaza mechi kwenye kipindi cha Match of the Day cha BBC mwaka 2007, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kinachohitajika ni sauti yenye ngazi. Ukipiga kelele kwa shuti la mita 35 linalopaa juu ya goli, bao la ushindi utalipandishia wapi?