Druidi wa paka na dubu: anza na hesabu ya mana

Wachezaji wenzangu hapa Dar es Salaam wanaocheza druidi, mhusika anayejigeuza paka au dubu, katika mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft Classic huniletea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaosema kwamba demeji yao, yaani madhara wanayompa adui, iko chini kabisa katika kikosi, chini hata ya Warrior aliyejiunga juzi, na wapo wanaosema kwamba wao ndio hufa wa kwanza kila bosi, adui mkuu, anapogeuka. Nikiwatazama wakicheza, naona tatizo ni moja. Macho yao yako kwenye pointi za kulipia mapigo, yaani nishati wakiwa paka na hasira wakiwa dubu, ilhali mana, yaani akiba ya nguvu za kichawi, ambayo ndiyo inayolipia kila badiliko la umbo, wanaiacha iishe kiholela au ibaki imejaa mpaka bosi anaanguka. Kwa druidi huyu, demeji na uhai hutoka katika mfuko mmoja, na mfuko huo ni mana.

Nianze na demeji. Paka hujaziwa nishati 20 kila baada ya sekunde mbili, na kikomo chake ni 100. Pigo lake kuu ni Shred, ambalo hupigwa ukiwa nyuma ya adui na hugharimu nishati 60, au 48 ukiwa umeweka pointi mbili katika Improved Shred. Kwa mwendo huo wa kawaida utapata Shred moja kila baada ya sekunde tano hivi, na muda uliobaki utakuwa unaparura tu. Hapo ndipo kipaji cha Furor kinapokuwa na maana: ukikijaza pointi zote tano, kila unapoingia katika umbo la paka unapewa nishati 40 papo hapo. Ukivaa Wolfshead Helm, kofia ya ngozi inayotengenezwa na mafundi wa ngozi na kuvaliwa kuanzia levo ya 40, unaongezewa 20. Kwa hiyo paka aliyeishiwa, akitoka katika umbo lake na kurudi mara moja, anakuwa na nishati 60 mkononi, yaani Shred moja na chenji ya 12. Chenji hiyo ikiongezewa mijazo miwili ya kawaida inafika 52, na Shred ya pili inatoka.

Katika sekunde sita nishati inayokuja yenyewe ni 60, na badiliko moja la umbo linaleta 60 nyingine. Ni karibu maradufu, na hakuna vazi katika mchezo mzima litakalokupa ongezeko la namna hiyo. Ndiyo maana huwa sielewi mtu anayekesha akitafuta mkufu wenye pointi chache za Agility (wepesi) ilhali hajaijaza Furor.

Sharti lake ni kwamba badiliko hilo linafuta nishati yoyote uliyokuwa nayo. Ukiwa na nishati 28 au zaidi, usibadili, kwa sababu mjazo mmoja tu utakufikisha 48 na Shred itatoka bure. Chini ya hapo inategemea una mana kiasi gani: mwenye mana nyingi anaweza kubadili akiwa na nishati 20, na mwenye mana chache asubiri mpaka ikaribie sifuri. Wakati mzuri ni mara tu baada ya mjazo kuingia, maana kurudi katika umbo kunakufunga kwa sekunde moja na nusu kabla hujaweza kupiga, na kufungwa huko ni afadhali kuliwe na muda ambao ungekuwa unasubiri vilevile.

Sasa tuje kwenye mfuko wenyewe. Tuchukulie una mana 4,000 na kila badiliko linakugharimu 400. Unayo mabadiliko kumi. Ukiyatumia kila baada ya sekunde sita, dakika moja imekwisha na mfuko mtupu, na bosi bado ana nusu ya damu yake au zaidi. Pambano la dakika tatu kwa mwendo huo linataka mabadiliko 30. Pengo hilo hulizibi kwa ujanja wa vidole, unaliziba kwa maandalizi. Kipaji cha Natural Shapeshifter kikijazwa pointi tatu kinapunguza gharama ya kila badiliko kwa asilimia 30, na ndiyo sababu mgawanyo wa vipaji ninaoupendekeza ni ule wa pointi 14 katika tawi la Balance, 32 katika Feral na 5 katika Restoration, unaokupa pia vipaji vya Omen of Clarity na Heart of the Wild. Major Mana Potion inarudisha mana kati ya 1,350 na 2,250, na Demonic Rune inarudisha kati ya 900 na 1,500 ingawa inakukata damu. Viwili hivi havishiriki muda wa kusubiri, kwa hiyo katika pambano moja unaweza kutumia vyote.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa. Katika Classic huwezi kunywa dawa ukiwa paka au dubu. Wengi huliona hilo kama kero, lakini ukilitazama vizuri, tayari unatoka katika umbo kila mara kwa ajili ya nishati, na dawa haikufungi kama inavyokufunga pigo. Weka dawa ndani ya makro ya kubadili umbo, yaani kitufe kimoja kinachotoa amri kadhaa kwa mfuatano: toka katika umbo, kunywa, rudi. Umelipa badiliko moja na umepata nishati na mana kwa pamoja. Mtu anayetoka kunywa dawa, akarudi, kisha akatoka tena baada ya sekunde tatu kutafuta nishati, amelipa mara mbili.

Kuhusu Spirit, takwimu inayorudisha mana taratibu, nitasema kwa kifupi kwamba isikupotezee muda. Mana inayotokana na Spirit husimama kwa sekunde tano kila unapotumia mana, na paka anayebadili umbo kila sekunde sita hapati karibu chochote kutoka humo. Kinachoendelea kuingia ni ile mana ya kila sekunde tano inayoandikwa kwenye vifaa, baraka za Paladin na dawa kama Mageblood Potion, inayotoa 12 kila sekunde tano kwa muda wa saa nzima. Intellect nayo si ya kudharauliwa, maana kila pointi ni mana 15, na Heart of the Wild inaikuza kwa asilimia 20. Innervate, uwezo wa kuharakisha kurudi kwa mana, ni yako, na kanuni za mchezo hazikukatazi kujipa mwenyewe, ila jiandae kununiwa na waganga.

Upande wa uhai nitauonyesha kwa hesabu moja. Umbo la Dire Bear linaongeza deraya inayotokana na mavazi kwa asilimia 360. Druidi mwenye deraya 2,000 ya mavazi akiwa paka anakuwa na 9,200 akiwa dubu, bila kubadili hata kiatu. Bosi wa levo ya 63 anapokupiga, mchezo unachukua deraya yako na kuigawa kwa jumla ya deraya hiyo na 5,755. Paka anapunguziwa karibu asilimia 26 ya pigo, dubu anapunguziwa zaidi ya asilimia 61. Pigo la 3,000 linamfikia paka likiwa takriban 2,226, na linamfikia dubu likiwa takriban 1,154. Tanki wenu, yule anayepokea mapigo ya bosi, akianguka na bosi akageuka kukutazama, tofauti hiyo ndiyo inayowapa waganga nafasi ya kukuwahi, na Frenzied Regeneration, inayogeuza hasira kuwa damu, ikiwa tayari utakaa zaidi.

Lakini dubu huyo naye analipiwa kwa mana. Nimemwona kijana mmoja, mchezaji mwepesi wa vidole kuliko mimi, akibonyeza kitufe cha dubu mara tatu mfululizo huku bosi anamjia, na mchezo ukimjibu kila mara kwamba mana haitoshi, kwa sababu tone la mwisho alikuwa amelimaliza kwenye Shred sekunde mbili kabla. Gharama ya badiliko moja la dubu lazima itengwe kabla pambano halijaanza, kama mtu anavyoitenga nauli ya kurudi Mbagala kabla hajaanza kununua chochote Kariakoo. Mimi nimeweka rangi: mana ikishuka chini ya kiasi hicho, nguzo yake inageuka nyekundu, na kuanzia hapo sibadili tena kwa ajili ya nishati.

Deraya haizuii moto wala uchawi, na hapo dubu hakusaidii sana. Baron Geddon, mmoja wa mabosi wa Molten Core, ni mfano mzuri, kwa kuwa Inferno yake inamchoma kila aliye karibu na dawa yake ni kukimbia tu, lakini pia ana Ignite Mana, ambayo inachoma mana yako na kukuumiza kwa wakati mmoja. Druidi hawezi kujiondolea athari hiyo ya kichawi, ni Priest au Paladin anayeweza. Waambie mapema kwamba paka wenu naye yumo katika orodha ya kusafishwa, kwani wengi humwona kama Rogue (mhusika asiyetumia mana) mwenye manyoya na hawamkumbuki.

Kwa sisi tunaocheza kutoka Dar kwenye seva za Ulaya, kuna suala la ucheleweshaji. Mjazo wa nishati unaouona kwenye skrini umeshatokea kwenye seva muda mfupi uliopita, na ukisubiri kuuona ndipo ubonyeze, amri yako itafika huko ikiwa imechelewa tena. Jifunze mdundo wake wa sekunde mbili na ubonyeze kwa mdundo, si kwa macho. Mchezo wenyewe hupokea amri inayofuata hadi sekunde 0.4 kabla ya ile ya kwanza kukamilika, na kwa umbali wetu sioni sababu ya kuipunguza nafasi hiyo kama wanavyoshauri wachezaji waliokaa jirani na seva. Raidi, yaani mapambano ya kikosi kizima, za saa mbili usiku za Ulaya ya Kati kwetu huanguka saa tatu au saa nne usiku kutegemea majira yao, saa ambazo mtaa mzima uko kwenye intaneti, kwa hiyo kama kompyuta yako inaweza kuunganishwa kwa waya, usitumie Wi-Fi.

Mwisho ni swali la Wolfshead Helm, ambayo haina Strength wala Agility, na ambayo watu huniuliza waivue lini. Jibu langu hutegemea pambano. Pale unapoweza kusimama nyuma ya bosi muda wote na dawa unazo, ibaki kichwani. Pale ambapo utakimbia nusu ya pambano, au mana yako inachomwa, mabadiliko yatakuwa machache kiasi kwamba kofia yenye takwimu za kawaida itakupa zaidi. Na waliohamia Wrath of the Lich King, toleo la baadaye la mchezo huu, walikuwa na sababu ya kuiweka benki, kwa kuwa huko Furor ilibadilishwa na haikutoa tena nishati 40 kwa kila badiliko.