Je, wajua kwa nini nyanya huoza kitako ilhali mche wenyewe una afya?

Doa huanza kama sehemu ya majimaji upande wa tunda ulio mkabala na kikonyo, kisha hunywea, likawa jeusi na gumu. Mkulima wa Ilula au wa Uyole, kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, akiliona hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu, na dawa hiyo haimsaidii, kwa kuwa hapa hakuna kimelea cha kuuawa. Ukungu unaoonekana juu ya doa upo kweli, lakini uliingia baada ya sehemu hiyo kufa. Kuoza kitako hakuambukizi tunda la jirani.

Chanzo kinachotajwa ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na hapo ndipo kosa la pili huzaliwa: watu huzika maganda ya mayai shinani. Maganda huoza polepole mno kuliko msimu wa nyanya, na mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha. Kinachokwama ni usafiri wake.

Kalsiamu hupanda pamoja na maji kutoka mizizini, na maji hufuata mahali yanakopotea kwa mvuke. Chukua mfereji unaonyweshea vinyungu, yaani bustani za bondeni, ukibeba tope lenye rutuba. Majani ni matuta yenye milango mipana. Tunda, ambalo ngozi yake hupitisha mvuke kidogo sana, ni tuta la mwisho lenye mlango mwembamba. Mfereji ukijaa, hata tuta hilo hupata tope. Maji yakipungua, hukosa kwanza, na ndani yake huanza kukosa pembe ya mbali kabisa, yaani kitako. Tope lililokwisha kutua juu halihamii chini, na ndiyo maana kalsiamu inayonyunyiziwa majani haifiki kwenye tunda.

Madhara hutokea tunda likiwa bado changa na likikua haraka, hivyo doa linapoonekana, ukame uliolisababisha huenda umeshasahaulika. Wapo watafiti wanaoona kwamba upungufu wa kalsiamu ni matokeo ya msongo wa mmea, wala si chanzo chake, lakini mabishano hayo hayabadilishi kazi ya shambani.

Kazi yenyewe ni kumwagilia kwa ratiba isiyoyumba, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba ambapo jua na upepo wa nyanda hizi hukausha udongo upesi, kutandaza nyasi kavu, na kutopalilia kwa kina kinachokata mizizi. Urea nyingi huchochea majani na kuzuia mizizi kufyonza kalsiamu; CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu, ni salama zaidi. Chokaa inafaa pale tu vipimo vinapoonyesha udongo wenye tindikali, jambo lisilo geni kwenye miinuko yenye mvua nyingi, nayo huchanganywa na udongo miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda.

Bilinganya na matikiti huugua vivyo hivyo. Kwenye pilipili hoho doa hupenda kukaa ubavuni karibu na ncha, kwa hiyo wengi hudhani tunda limebabuliwa na jua, wakalijengea kivuli badala ya kulimwagilia maji.