Je, wajua kwa nini printa ya mtandao hukataa nywila uliyo na hakika nayo?

Niliitwa kwenye steshenari moja yenye kompyuta mbili. Printa imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya kaunta, na ile ya ndani inataka kuchapa kupitia mtandao. Ukiibofya printa, kinachomoza kisanduku: jina la mtumiaji na nywila. Dada wa kaunta akaweka nywila ya Wi-Fi, ikakataa. Akaweka ile ya kibandiko cha nyuma ya printa, ikakataa. Akaweka tarakimu nne anazofungulia kompyuta yake kila asubuhi, nazo zikakataa. Hapo ndipo watu huanza kuilaani printa.

Maskini printa, wala haikuuliza kitu. Aliyeuliza ni kompyuta ya kaunta. Kwa Windows, printa iliyochomekwa kwake ikagawiwa wengine ni sawa na folda iliyogawiwa: anayebisha hodi ajitambulishe kwa akaunti iliyomo humo ndani, si ya kompyuta anayotokea.

Na zile tarakimu nne? Hiyo ni PIN, nayo imefungwa kwenye mashine ileile ilikotengenezwa. Haisafiri. Mtandaoni inatakiwa nywila yenyewe. Akaunti ikiwa ya Microsoft, jina ni barua pepe nzima, na nywila ni ile ambayo wengi waliiandika mara moja tu, siku mashine ilipotolewa kwenye boksi. Ikiwa ni akaunti ya humohumo, tanguliza jina la kompyuta, mfano KAUNTA\asha. Asiye na nywila kabisa naye anakwama: tangu enzi za Windows XP, akaunti tupu hufunguka kwa aliyekaa mbele ya kioo tu.

Mimi hufungua akaunti ya pembeni kwenye kompyuta yenye printa, naiita "chapa", naipa nywila yake, basi. Mafundi wengi huzima ulinzi wa nywila moja kwa moja. Sipendi, maana mlango uleule ndio wa mafolda yaliyogawiwa, na steshenari hutunza vyeti na vitambulisho vya watu.

Kuna kisanduku kingine kinachofanana na hicho. Mwaka 2021 liligunduliwa tundu la usalama lililopewa jina PrintNightmare, na kuanzia Agosti mwaka huo Windows ikaanza kudai ruhusa ya msimamizi kabla ya kupokea draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) kutoka kompyuta nyingine. Hicho hutaka nywila ya msimamizi wa kompyuta unayoiunganisha. Ile ya kibandiko ni ya ukurasa wa mipangilio ya printa yenyewe. Jimbo la California lilipiga marufuku nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote kuanzia Januari 1, 2020, ndiyo maana siku hizi printa nyingi huja kila moja na yake.

Na kama nywila ni sahihi lakini bado inagoma, fungua Credential Manager, sehemu ya Windows inayotunza nywila ulizowahi kuingiza, ufute ya zamani. Windows huing'ang'ania hata ukishaibadilisha.

Printa yenye Wi-Fi au tundu la waya wa mtandao haihitaji mzunguko huu wote. Iunganishe na ruta, iongeze kwa anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), na kwa kawaida haikuulizi nywila yoyote. Ile ya steshenari ilikuwa na tundu hilo, limezibwa na kipande cha plastiki tangu kiwandani.