Pasipoti ya Kenya katika kituo cha kura cha Uingereza: dhana potofu na ukweli

Mama mmoja wa Kakamega alikuja mezani kwangu na bahasha mbili za kaunsili. Moja alikuwa ameifungua: ya kodi ya nyumba, ndiyo iliyomleta. Nyingine bado ilikuwa na gundi yake, ingawa juu iliandikwa wazi kuwa inahusu daftari la wapigakura. Nikamuuliza mbona hiyo hajaifungua. Akaisukuma pembeni kwa kidole. "Hiyo si yangu, ndugu yangu. Hiyo ni ya wenye nchi. Mimi sina pasipoti yao."

Yuko Uingereza tangu mwanzoni mwa 2019. Anahudumia wazee zamu za usiku, viza yake ni halali, na kodi inakatwa kabla mshahara haujamfikia. Uchaguzi mkuu wa Desemba 2019 ulimkuta hapa, wa Julai 2024 ulimkuta hapa. Zote mbili zilimpita akiwa na haki kamili ya kupiga kura, na hakuna aliyemzuia isipokuwa maneno ya watu. Nimekuwa nikijaza fomu na kutoa ushauri kwa watu wetu kwa miaka mingi, na kauli hii nimeisikia mara nyingi mno kuliko nyingine yoyote. Ndiyo maana naandika.

"Bila uraia wa Uingereza huwezi kupiga kura"

Si kweli. Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1983 inampa haki ya kupiga kura raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza, mradi ametimiza umri na ana kibali cha kuingia au kukaa, au ni mtu asiyehitaji kibali. Kibali cha aina yoyote: cha kazi, cha masomo, cha mume au mke. Si lazima uwe na ukaazi wa kudumu, na hakuna miaka mitano ya kusubiri. Wala si kura ya diwani peke yake. Ni kura ya mbunge vilevile, ile inayoamua nani ataunda serikali. Katika daftari analoshika karani wa kituo, raia wa nchi nyingine za Ulaya huwekewa herufi mbele ya majina yao kuonyesha kura zipi hawaruhusiwi kupiga. Jina la Mkenya halina herufi. Limeandikwa kama la Mwingereza aliyezaliwa mtaa wa pili.

Kwa hiyo Mkenya, Mtanzania na Mganda wamo. Mnyarwanda yumo, kwa kuwa nchi yake ilijiunga na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Mmsumbiji yumo. Mkongo na Mrundi hawamo, na mwenye pasipoti ya Oman hayumo hata kama bibi yake kazikwa Unguja, kwa sababu kinachotazamwa ni uraia ulio nao leo. Ila Mkongo wa Glasgow asikimbilie kukata tamaa. Scotland na Wales zilibadilisha sheria zao mwaka 2020 na kuendelea, na sasa mkaazi halali wa taifa lolote anapiga kura ya bunge la huko na ya kaunsili. Kura ya Westminster, bunge kuu la Uingereza, ndiyo asiyoipata.

Niliwahi kukaa na mke na mume, wote wa Zanzibar kwa asili. Mume ana pasipoti ya Uholanzi, mke ana ya Tanzania. Miaka yote mume aliamini kuwa yeye ndiye mwenye "makaratasi makubwa" nyumbani. Ikawa mkewe ndiye mwenye kura ya mbunge, yeye hana. Walinitazama kama nimewachanganyia majina.

Chanzo cha haki hii ya kura ni historia ya himaya ya Uingereza. Sheria ya 1918 iliwapa kura raia wa Mfalme bila kujali walizaliwa upande gani wa bahari. Sheria ya uraia ya 1948 ikahesabu raia wa nchi zilizopata uhuru ndani ya Jumuiya ya Madola kuwa na hadhi hiyohiyo. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, Uganda 1962 na Kenya 1963, raia wake wakaingia katika mlango uleule, na haujafungwa hadi leo. Usiione kama hisani ya mtu. Ni haki iliyoandikwa, na babu zetu walilipa gharama ya historia hiyo.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Kwanza, kwetu kura ni ya raia tu, na mtu huhama na sheria ya kwao kichwani. Pili, woga. Watu hudhani kujiandikisha ni kuiamsha Wizara ya Mambo ya Ndani, au kwamba lile sharti la viza la kutotumia fedha za umma linagusa kura. Haligusi. Sharti hilo linahusu orodha maalumu ya posho na msaada wa nyumba. Kupiga kura si posho. Kujiandikisha unapostahili hakuvunji sharti lolote la viza, wala hakupunguzi siku zako za ukaazi. Anayepaswa kukaa mbali na fomu hiyo ni yule ambaye kibali chake kimekwisha na hajaomba kingine, kwa sababu kutoa taarifa za uongo kwenye daftari ni kosa la jinai. Huyo aje tuzungumze viza kwanza.

Na sasa nasaha yangu, ambayo kila anayenijua anaijua: jiandikishe wiki unayohamia nyumba, siku ileile unayofungua akaunti ya kodi ya kaunsili. Usingoje uchaguzi. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 18 Juni, na tarehe 19 nilipokea simu kutwa nzima za watu ambao sikuweza kuwasaidia chochote. Zaidi ya hapo, kampuni za mikopo hulitumia daftari kuhakikisha anwani. Kijana anayelalamika kuwa amenyimwa hata mkataba wa simu, mara nyingi jina lake halimo. Ukiogopa jina lako kuuzwa kwa wafanyabiashara, jiondoe kwenye daftari la wazi. Kuna kisanduku cha kuweka alama, na kura yako inabaki palepale.

Yule mama tulimwandikisha kwa simu yake pale pale mezani. Kilichotuchelewesha ni namba ya National Insurance, yaani bima ya taifa, ambayo hakuikumbuka, hadi alipovuta hati ya mshahara iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa sare yake ya kazi. Alipofika sehemu ya uraia akaandika Kenya, akanitazama, akasubiri fomu imkatae. Fomu ikaendelea na swali linalofuata.

"Kitambulisho cha kwetu hakitakubalika kituoni"

Hapa pana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inapoteza kura. Tangu sheria ya 2022, na kuanzia chaguzi za Mei 2023 huku England, lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata ikiwa imeisha muda, mradi sura bado ni yako. Leseni ya udereva ya Kenya haikubaliki. Kipande cha Kenya hakikubaliki, cha NIDA cha Tanzania hakikubaliki, na viza ya mtandaoni unayoionyesha kwenye kioo cha simu haikubaliki. Kama huna cha kuonyesha, omba cheti cha mpigakura, ni bure, mwisho wake siku sita za kazi kabla ya kura. Jina la kwenye pasipoti lifanane na la kwenye daftari. Dada zetu walioolewa na kujiandikisha kwa jina la mume huku pasipoti ina la baba, tafadhalini, tengenezeni mapema. Kituoni hakuna wino wa kidole. Kuna penseli.

"Imetangazwa, kwa hiyo imeshakuwa sheria"

Hii inakuja kwa sauti za WhatsApp usiku wa manane. Waziri akisema jambo la viza asubuhi, ifikapo jioni watu wameshauza fanicha.

Tazama kima cha mapato kwa anayetaka kumleta mwenzi wake. Desemba 2023 serikali ya chama cha Conservative ilitangaza kitapanda kutoka pauni 18,600 hadi 38,700. Kilichoingia kwenye kanuni tarehe 11 Aprili 2024 kilikuwa pauni 29,000. Hatua zilizobaki hazikuja: serikali ilibadilika Julai, na ile mpya ya chama cha Labour ikasimamisha na kuagiza tathmini. Najua kijana aliyeachana na mchumba wake kwa ajili ya 38,700, namba ambayo haikuwahi kutumika kwa viza ya mwenzi. Akiwa na mshahara wa pauni 30,000, angeomba na angefuzu kipimo cha mapato. Bado naumia nikimkumbuka.

Au mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikasema Novemba 2023 kuwa si halali, Bunge likatunga sheria mpya Aprili 2024, na Keir Starmer wa Labour akaufuta alipoingia madarakani kama Waziri Mkuu Julai. Katika muda wote huo walikwenda watu wanne, kwa hiari yao.

Lakini sisemi kila tangazo ni upepo. Wahudumu wa wazee walizuiwa kuleta familia kuanzia tarehe 11 Machi 2024, na mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Hayo yaliwekwa kwenye kanuni na yalitekelezwa. Basi jambo la kuuliza ni hatua iliyofikiwa. Hotuba? Waraka wa sera? Ukusanyaji wa maoni? Au mabadiliko ya Kanuni za Uhamiaji yaliyowasilishwa bungeni, yenye tarehe ya kuanza? Waraka wa sera wa Mei 2025, ule uliotaka muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu upande kutoka miaka 5 hadi 10, haukubadilisha viza ya mtu siku ulipotoka. Kabla hujalipa wakili au hujamwambia mkeo asije, niletee tarehe ya kuanza kutumika. Kama haipo, tulia, endelea kukusanya hati zako.

"Labour ni wetu, Conservative ni adui"

Historia haiungi mkono. Mwaka 1968 ni serikali ya Labour ya Harold Wilson iliyopitisha kwa siku chache sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Mwaka 1972 ni Conservative ya Edward Heath iliyowapokea Wahindi zaidi ya 27,000 waliofukuzwa na Amin. Viza ya wahudumu imefungwa na Labour. Idadi kubwa kabisa ya wahamiaji, ongezeko la zaidi ya watu laki 9 kwa mwaka, ilifikiwa 2023 chini ya Conservative. Soma ilani, usisome rangi.

"Tunamchagua Waziri Mkuu"

Hapana. Unamchagua mbunge wa jimbo lako, basi. Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Oktoba 2022 bila taifa kupiga kura.

"Kura moja haina maana"

Jimbo la Hendon, Julai 2024, liliamuliwa kwa kura 15. Poole kwa kura 18. Ndiyo, mfumo huu una ukali wake: Labour ilipata viti 411 kati ya 650 kwa takribani asilimia 34 ya kura, na Reform UK ikaambulia viti 5 kwa asilimia 14. Hiyo ndiyo sababu ya kujua jimbo lako limekaaje. Hendon ina watu wetu wa kutosha kujaza basi moja, na basi moja ni zaidi ya kura 15.

"Sikumpigia kura mbunge, hatanisaidia"

Mbunge ni wa kila mkaazi wa jimbo: aliyempigia, aliyempinga, mtoto, na Mkongo asiye na kura. Maombi ya viza yaliyokwama miezi mingi ofisi yake inaweza kuyaulizia wizarani. Ila usimpelekee taka zisizozolewa, hizo ni za diwani. Ukimwandikia, weka jina kamili, anwani na msimbo wa posta mstari wa kwanza, kwa sababu kitu cha kwanza ofisi inachokagua ni kama unaishi jimboni. Barua nyingi ninazoonyeshwa hazina anwani, na mwenyewe analalamika kuwa hakujibiwa.