Mwito wa dhiki hausubiri foleni: nani anasimamia setilaiti za usalama baharini?

Kwenye chumba cha kuongozea meli kuna kitufe chekundu chenye kifuniko, kisije kikabonyezwa kwa bahati mbaya. Meli ikishika moto au ikianza kuingiza maji, baharia hufunua, hubonyeza na kushikilia kwa sekunde kadhaa. Ujumbe wenye utambulisho wa meli na mahali ilipo hupanda kwenye setilaiti, hushuka kwenye kituo cha nchi kavu, kisha hupelekwa kwenye kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji. Kwa mwambao wetu, vituo hivyo vipo Mombasa na Dar es Salaam.

Wengi hudhani setilaiti hizo ni za serikali. Sivyo. Inmarsat, mwendeshaji wa kwanza wa setilaiti hizo, iliundwa kwa mkataba wa mataifa wa mwaka 1976, lakini mwaka 1999 ikabinafsishwa. Hapo likazuka swali zito: kampuni ikiona kuhudumia miito ya dhiki hakulipi, itazuiwa na nani isiiache? Ndiyo maana mataifa yalibakiza chombo chao cha kuisimamia, IMSO, chenye makao yake London.

Kampuni inayotaka kutoa huduma hii kwanza hutambuliwa na Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, kisha hutia saini makubaliano ya huduma kwa umma na IMSO. Humo ndimo penye nguvu yote. Mwito wa dhiki lazima upite kwanza, hata kama njia imejaa simu na data za wateja wanaolipa. Mawasiliano ya kawaida hukatwa kuupisha. Meli iliyo hatarini haitozwi kwa mwito huo. Mtandao unatakiwa upatikane kwa asilimia 99.9 ya mwaka, yaani usikosekane hata saa tisa kwa miezi kumi na miwili. IMSO hukagua, kisha huripoti kwa kamati ya usalama ya IMO.

Kwa miaka mingi Inmarsat ilikuwa peke yake. Setilaiti zake zimesimama juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi, kwa hiyo hazizifikii ncha za dunia. Mwaka 2018 IMO iliitambua Iridium, yenye setilaiti 66 zinazozunguka karibu zaidi na dunia na kupita juu ya ncha zote mbili. Ushindani huu naupokea kwa mikono miwili, ila umeongeza kazi ya usimamizi. Onyo la dhoruba likitumwa kwa mtandao mmoja tu, meli inayotumia mwingine itabaki gizani. Lazima lipite kote.

Kinachonisumbua ni vyombo vidogo. Sheria za kimataifa za mawasiliano ya dhiki zinazibana meli zinazosafiri kimataifa: za abiria zote, na za mizigo za kuanzia tani 300. Jahazi la Lamu au mashua ya wavuvi wa Mafia haimo. Kwao, msaada wa karibu ni EPIRB, kifaa kinachotuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye mfumo mwingine wa setilaiti, Cospas-Sarsat. Kinunuliwe na kisajiliwe, kwa namba ya simu ya mtu aliye nchi kavu anayejua chombo kimeelekea wapi. Waokoaji humpigia huyo kwanza. Mwenye chombo akibadilisha namba au akikiuza, asahihishe usajili. Na kikiwaka kwa bahati mbaya, kizimwe na kituo cha uokoaji kiarifiwe mara moja. Kwa kawaida anayetoa taarifa kwa nia njema haadhibiwi.